Shauri la Bembea

Mahakamani walimwita Mzee Tarehe, na wala hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mvi tatu alizozijua mojamoja, na kazi ya ukarani wa mahakama aliyoifanya kwa miaka kumi na tatu. Jina hilo alipewa na watu wa kwenye mabenchi ya korido, wale wanaofika asubuhi na bahasha zao kwapani na kuondoka mchana na bahasha zilezile. Shughuli yao kubwa pale ilikuwa kumsubiri atokeze kichwa mlangoni na kusema, "Shauri lenu limeahirishwa. Mje tarehe kumi na nne." Hakusema kwa ubaya. Hakimu kapata udhuru, shahidi hajafika, jalada halionekani, umeme umekatika. Sababu haikuwahi kumkosa. Na aliisema vizuri, kwa sauti ya upole na heshima, hata wengine wakawa wanamshukuru kabla hawajakumbuka kukasirika.

Huyo ndiye aliyesimama jikoni kwake Jumapili moja, likizo ndefu ya shule ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akajipiga kifua mbele ya mkewe na kutangaza kwamba safari hii watoto hawaendi kokote. Atakaa nao yeye mwenyewe.

Mkewe alikuwa muuguzi, na wakati huo alikuwa anafunga begi. Kazini walikuwa wamempeleka mafunzoni mji mwingine kwa wiki mbili. Kwa desturi ya nyumba ile, mama akisafiri, watoto wote watatu hupelekwa kwa mama yao mdogo, ambaye mumewe ni fundi bomba. Hapo ndipo palipokuwa na donda. Likizo iliyopita walikaa kule wiki tatu, na yule wa mwisho, Kitinda, mwenye miaka mitano, alirudi akimwita fundi bomba "baba". Si "baba mdogo". Baba. Lile neno la pili alikuwa amelipoteza njiani kama mtu apotezavyo kandambili. Kila mtu alicheka. Karani naye alicheka, kisha akaingia kuoga mchana kweupe, na akakaa bafuni muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao.

"Una uhakika?" mkewe akauliza. "Wote watatu?"

"Mama watoto, mimi kila siku nakaa na watu sitini kwenye korido. Wana njaa, wana hasira, na hakuna anayethubutu kupiga kelele. Hawa watatu ndio watanishinda?"

"Wale sitini wanamwogopa askari wa mlangoni."

"Nimeomba likizo, nimepewa. Siku ishirini na nane. Tutacheza. Nitawafungia na bembea."

Mkewe akavuta zipu ya begi mpaka mwisho. "Haya. Nikirudi naingia zamu moja kwa moja, na shule zitakuwa bado wiki mbili. Nitawauliza wenyewe, wabaki na wewe au waende kwa mdogo wangu. Watakalosema ndilo hilohilo."

"Waulize," karani akasema. "Tena uwaulize mbele yangu."

Alimaanisha. Alitaka neno hilo litoke kinywani mwao wenyewe, tunabaki na baba, na mtu wa kwanza kulipelekewa awe fundi bomba.

Bembea haikuwa kazi ya kutoa jasho. Kwenye boriti ya varanda ya nyuma kulikuwa na kulabu mbili za chuma, zilizoachwa na mpangaji aliyetangulia, zimepigwa sawa kabisa kwa upana wa kiti cha mtoto. Ubao ulikuwapo, wa kabati lililokufa zamani. Jumatatu saa mbili asubuhi karani alikwenda dukani na watoto wote, wakanunua kamba nene ya bluu. Bingwa, wa kati, mwenye miaka saba, aliibeba begani njia nzima kama askari wa zimamoto. Walipofika, karani aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

"Kesho," akasema. "Kesho asubuhi tunafunga."

Kwa nini kesho? Kwa sababu ya boksi. Hili hakumwambia mkewe, na mimi nisingekuwa namsema kama angemwambia. Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi lenye majalada tisa, ya mashauri tisa, yote yakisubiri kupigwa chapa kabla mwezi haujaisha. Hakimu aliandika kwa mkono, na mwandiko wake ulikuwa kama sisimizi waliofukuzwa na maji. Mtu pekee aliyeweza kuusoma alikuwa karani. Hakimu alipomwambia, "Bila wewe hapa hatuendi," kichwa kilimvimba, akaomba mwenyewe kuondoka nalo. Kwa hiyo yule bwana alikuwa amechukua likizo na kazi yake pamoja, kama mtu anayehama nyumba na kunguni wake.

Ilipofika saa nne asubuhi siku hiyohiyo, kwenye meza ya chumbani kwake, alikuwa amepiga mistari sita. Mstari wa kwanza ulikatishwa na maji yaliyokuwa yanatoka bafuni kwenda sebuleni, maana Bingwa alikuwa ameziba tundu la sinki kwa soksi ili apate bahari. Wa tatu ulikatishwa na Kitinda, aliyempaka dawa ya meno mdoli wake mzima kwa kuwa alikuwa na homa. Wa sita ulikatishwa na Dada, wa kwanza, miaka tisa, msichana mwenye kumbukumbu kali, ya hatari kwa watu wenye ahadi nyingi. Alikuja analia kwa hasira.

"Baba, Bingwa kaninyang'anya ndoo nyekundu, na nilianza mimi!"

Karani alikuwa tayari ameshika simu. Kidole kilikuwa juu ya namba ya shemeji yake. Angeipiga hiyo simu, hadithi yetu ingeishia hapo, na watoto wangekula chakula cha mchana kwa fundi bomba. Lakini mdomo wake, ambao kwa miaka kumi na tatu umezoea kujibu watu bila kumsumbua mwenyewe, ukasema:

"Lete malalamiko kwa maandishi."

Dada akafuta machozi. Akafikiri. Akaenda kutafuta kalamu.

Kwa dakika arobaini nyumba ile ilitulia. Karani alipiga kurasa mbili. Kisha wakaja wote watatu na karatasi zao: Dada ameandika ukurasa mzima, Bingwa ameandika "SI KWELI" kwa herufi kubwa, na Kitinda, ambaye hajui kuandika, amechora ndoo na mtu mwenye meno mengi. Karani akazipokea kwa mikono miwili. Akazitia kwenye jalada kuukuu, akaandika Shauri Namba Moja, akatoa muhuri wa tarehe uliofutwa kazi ofisini kwa sababu gurudumu la mwaka lilikwama, akaupiga kwa kishindo. Macho ya watoto yakang'aa.

"Shauri limepokelewa. Litatajwa kesho saa tatu. Ndoo ni kielelezo, inakaa chini ya meza hii. Na kielelezo hakiguswi na mtu yeyote mpaka hukumu itoke. Mmenielewa?"

Walimwelewa vizuri mno.

Tangu hapo nyumba ikawa na mahakama, na mahakama ikawa na nyumba. Kila asubuhi saa tatu Kitinda, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alisimama mlangoni mwa sebule na kupaza, "Kooorti!" na wote wakasimama, hata karani mwenye mkate mdomoni. Dada aliandika kila kitu kinachosemwa. Bingwa alikuwa mlalamikiwa karibu kila siku, na alilipenda jukumu hilo, akawa anapiga kiatu chake rangi kabla ya kushtakiwa. Lilikuja shauri la kutazamwa kwa jicho baya. Likaja shauri la mto wa kulalia uliohamishwa upande wa baridi. Mdoli aliwekwa rumande ndani ya sufuria, kwa kosa ambalo hata sasa sijalielewa. Na karani hakuamua hata shauri moja, maana alikwishagundua siri ambayo wazazi wengi wanaitafuta bila kuiona: mtoto mwenye kesi mahakamani hapigani. Anasubiri. Anaandaa mashahidi. Ukimpa tarehe, amenyamaza.

"Wanaendeleaje?" mkewe aliuliza kwenye simu Alhamisi.

"Wametulia kama maji mtungini."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi! Mama watoto, hebu niamini siku moja."

"Bembea wameipenda?"

Karani akakohoa kidogo. "Kesho."

Maana bembea nayo ilikuwa inaulizwa kila asubuhi baada ya chai, na kila asubuhi ilipata jibu lake. Jumanne jua lilikuwa kali. Jumatano ubao haukuwa na matundu. Alhamisi ulikuwa na matundu lakini kamba mpya lazima kwanza ilegee. Ijumaa alibakiza ukurasa mmoja tu, mmoja tu jamani, na huo mmoja ulizaa kumi. Hakuwa anawadanganya. Kila alipotamka kesho aliiona hiyo kesho kwa macho yake, ina upepo mzuri na watoto wanacheka. Ndiyo hatari ya watu wa namna yake, wanaamini tarehe wanazotoa.

Jumanne ya wiki ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Dada aliweka jalada jipya kando ya sahani yake. Juu yake pameandikwa kwa mwandiko uliopangika: Shauri Namba Kumi na Saba. Dada, Bingwa na Kitinda dhidi ya Baba. Kuhusu bembea.

Karani alicheka mpaka maji yakampalia. Akalipiga picha, akawatumia wenzake ofisini, nao wakamjibu kwa vicheko. Akapiga muhuri, kwa kishindo kuliko siku zote.

"Limepokelewa. Litatajwa kesho saa tatu."

Kesho yake saa tatu alitokeza kichwa mlangoni mwa chumba cha kulala. "Hakimu kabanwa na kazi. Mje kesho." Alhamisi akatokeza tena. "Jalada linafanyiwa kazi. Mje kesho." Hawakugomba. Dada aliandika, wakaondoka.

Ijumaa alipotoka kwenda kuchukua chai aliwakuta koridoni. Walikuwa wamechukua ule ubao wa bembea wakaulaza juu ya debe na ndoo ya bluu, ukawa benchi. Wamekaa wote watatu, wamebana magoti, Bingwa na kiatu chake kinachong'aa, Kitinda miguu haifiki chini. Kila mmoja ana bahasha kwapani. Hawakuwa wanacheza tena, au kama walikuwa wanacheza, haikuonekana. Walimwangalia kwa macho anayoyajua, macho ya watu waliokuja tangu asubuhi.

Kitu kilimchoma karani. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Lakini jalada la tisa lilikuwa limebakiza kurasa nne, na chai ilikuwa inapoa.

"Shahidi hajafika," akasema taratibu.

"Shahidi ni wewe," Dada akasema.

"Basi ndiyo hivyo. Mje kesho."

Jumamosi saa sita mchana alipiga nukta ya mwisho. Akafunga boksi kwa gundi ya karatasi, akanyoosha mgongo mpaka ukalia. Mkewe alikuwa anarudi saa kumi. Saa nne nzima! Bembea ni kazi ya dakika ishirini, zinazobaki ni za kubembea. Angewakuta wakiwa juu, wanapiga kelele za furaha, na hapohapo angewauliza swali lake. Karani alitoka mbio mpaka jikoni, anaita, "Haya, haya, bembea! Nani wa kwanza?" Akapeleka mkono kwenye msumari.

Kwenye kamba kulikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi: KIELELEZO A. Na muhuri umepigwa juu yake, na ule mwaka wake uliokwama.

"Huwezi kuichukua," Dada akasema nyuma yake. Walikuwa wamesimama wote mlangoni.

"Kwa nini nisichukue? Nakwenda kufunga bembea yenu!"

"Ni kielelezo. Hakiguswi mpaka hukumu itoke."

"Mimi ndiye hakimu. Natoa hukumu sasa hivi. Mmeshinda! Bembea ifungwe!"

"Wewe ni mlalamikiwa," Bingwa akasema. Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa masikitiko ya mtu anayeijua hali hiyo. "Mlalamikiwa hawi hakimu. Mimi nilipotaka kujiamulia shauri la ndoo ulisema hivyohivyo."

Kweli, ndoo nyekundu ilikuwa bado chini ya meza ya chumbani. Siku ya kumi na tatu. Hakuna aliyeigusa. Karani aliikumbuka, akatazama kamba. Angeweza kuivuta tu ile kamba. Yeye ni baba, mkono ni wake, msumari ni wake. Alijua akiivuta hawatakaa kwenye bembea hiyo hata kwa viboko. Akaushusha mkono.

Mkewe alipoingia saa kumi hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Walimkumbatia, wakamning'inia shingoni, kisha wakamkalisha kwenye kiti cha kichwani mwa meza na kumwambia yeye ndiye hakimu. Kitinda akapaza, "Kooorti!" na muuguzi akasimama, akaambiwa hakimu hasimami, akakaa. Alikuwa anatabasamu.

Dada akafungua jalada, akasoma. Alikuwa ameandika kila siku, bila kutia chumvi: siku, sababu, tarehe ya kuja tena.

"Jumatatu. Baba alisema kesho. Jumanne. Baba alisema jua kali, kesho. Jumatano. Baba alisema ubao hauna matundu, kesho." Alisoma kwa sauti ya upole, haipandi wala haishuki. Karani aliitambua sauti hiyo. Aliutambua na mwandiko, ule wa kuinamia kulia kidogo, na mstari uliopigwa chini ya kila tarehe. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu. Alikuwa amemtazama tu baba yake. Kesho zilikuwa kumi na mbili. Ilipofika ya tano mama alikuwa bado anatabasamu. Ilipofika ya tisa alikuwa haangalii watoto tena, anamwangalia mumewe.

"Mlalamikiwa ana la kusema?" akauliza.

Karani alikuwa na mengi. Alisema moja. "Kulikuwa na boksi."

"Boksi gani?"

"La kazi. Majalada tisa."

"Kumbe hukuchukua likizo," mkewe akasema. "Ulihamisha ofisi." Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Akawageukia watoto. "Niliahidi nitawauliza. Shule bado wiki mbili. Mnabaki hapa na baba, au mnakwenda kwa mama mdogo?"

"Boksi limekwisha," karani akasema haraka. "Sina kitu tena. Kuanzia kesho..." Akajisikia anavyolitamka neno hilo, akaliacha hewani.

Watoto wakaomba ruhusa ya kushauriana, wakaingia bafuni, wakafunga mlango. Zilisikika sauti za chini, kisha maji ya bomba, kisha kimya. Karani alikaa wima kwenye kiti chake kama mtu aliyeshtakiwa kweli.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Alitokeza Kitinda, kichwa tu. Alimtazama baba yake kwa huruma, akasema kwa sauti ya upole na heshima:

"Shauri lenu limeahirishwa. Mje likizo ijayo."

"Kwa hiyo mnakwenda kwa mama mdogo?" mama akauliza.

"Ndiyo," Dada akajibu kutoka ndani. "Lakini baba asihuzunike. Tarehe tumempa."

Na karani, Mungu amsaidie, akasikia mdomo wake unasema, "Asanteni." Alikuwa amekwisha kulisema ndipo likamuuma.

Jumapili fundi bomba alikuja kuwachukua. Kitinda alimkimbilia hadi getini akiita "Baba!", kisha akageuka akampungia mkono karani, akamwita baba pia, kwa ukarimu, kama mtu mwenye akiba ya kutosha. Jumatatu mkewe akaingia zamu alfajiri. Nyumba ikatulia, utulivu uleule alioutamani siku zote kumi na nne, na alikuwa na siku nyingine kumi na nne za kuutumia, bila boksi.

Alikunywa chai. Akaenda jikoni, akasimama mbele ya kamba ya bluu. Kulabu zilikuwa pale nje, sawa kabisa kwa upana wa kiti cha mtoto. Akanyoosha mkono, akakisoma kile kikaratasi, akaurudisha. Akapita koridoni. Benchi lilikuwa bado halijavunjwa, ubao juu ya debe na ndoo ya bluu. Akakaa upande wa Kitinda, akabana magoti, na akakaa hapo hadi saa sita mchana, akitazama mlango wa chumba chake kana kwamba kuna mtu atatokeza kichwa.